Siku mbili za Tabora kabla ya kuishika njia ya Ujiji

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Morogoro. Mwezi wa saba sisi wanajumuiya 11 tunakusudia kufanya hija ya miguu kutoka Tabora hadi Ujiji, kuwakumbuka Wamisionari wa Afrika waliofika Tabora mwaka 1878. Tutaingia Tabora kwa treni siku ya Alhamisi na tumepanga kuanza kutembea Jumapili baada ya Misa ya pili, kwa hiyo tuna Ijumaa na Jumamosi za kuuona mji. Kundi limegawanyika. Vijana wanataka kuona kila kitu, wazee wanasema tulale tupumzike. Tunaye baba wa miaka 67 ambaye goti humsumbua. Mume wangu ni Mwislamu. Anatusindikiza kwa sababu ana ndugu zake Ujiji, naye anataka kuiona Tabora ya Waarabu. Tuone nini, tuache nini, tusije tukaianza safari miguu imeshachoka?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole na maandalizi. Kuwaongoza watu 11, kila mmoja na miguu yake na maoni yake, ni kazi.

Nianze na huo mgawanyiko wenu. Wanaotaka kulala na wanaotaka kuzurura wamefanana katika jambo moja: wote wanaichukulia Tabora kama stendi, mahali pa kusubiria safari ianze. Waliopita njia hii zamani hawakuiona hivyo. Katika karne ya 19 msafara ulitembea miezi mitatu hivi kutoka Bagamoyo mpaka hapa, na ukifika ulikaa. Mizigo ilifunguliwa, wapagazi wa kutoka pwani wakalipwa chao wakaenda zao, wengine wakatafutwa, chakula kikanunuliwa, wagonjwa wakauguzwa, na waliotoka magharibi wakaulizwa habari za njia. Burton na Speke, wavumbuzi wa Kiingereza, waliingia Kaze, kama palivyoitwa wakati ule, tarehe 7 Novemba 1857, na wakakaa zaidi ya mwezi. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mvumbuzi na mmisionari Livingstone, mwaka 1871 alikaa karibu miezi mitatu. Livingstone baada yake alikaa nusu mwaka. Hao Wamisionari mnaowakumbuka nao walisimama hapa, na hapa ndipo walipogawana: kundi moja likashika njia ya Ziwa Victoria, ambako Padri Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda Februari 1879, na kundi la pili likashika njia yenu, likaingia Ujiji Januari 1879. Padri Pascal, aliyetoka nao pwani, hakuwa miongoni mwao. Alifia njiani mwaka 1878 kabla hata ya kuiona Tabora.

Basi kuuona mji na kujiandaa kutembea visiwe kazi mbili. Chagueni machache yanayowaeleza kitu kuhusu njia mnayoiendea, mengine yaacheni bila majuto.

Ijumaa asubuhi nendeni Kwihara, na muanze mapema. Ni kama kilomita 6 kusini-magharibi ya mji, barabara ya vumbi, na nyumba yenyewe ni tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, vyumba vimezunguka ua, mlango wa nakshi mbele. Humo ndimo walimokaa Livingstone na Stanley walipofika pamoja kutoka Ujiji tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka katikati ya Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki peke yake akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumletea kutoka huko. Walifika Agosti, watu 57, na tarehe 25 ya mwezi huo mzee akaondoka nao kwenda kusini. Hakurudi Kwihara akiwa hai.

Wageni wengi hupita mle ndani kwa nusu saa, wanapiga picha mlangoni, wanaondoka. Nyinyi kaeni. Mtafuteni mtunzaji wa nyumba, mlipe kiingilio, mwacheni aeleze kwa utaratibu wake, kisha mketi uani mkisimuliane yaliyofuata, kwa sababu hayaonekani kwenye kuta na ndiyo yanayowahusu zaidi. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye, wakiongozwa na watumishi wake Susi na Chuma, wangeweza kumzika wakaenda makwao. Walizika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakauviringisha kwa kitambaa na magome ya mti, wakaubeba. Oktoba mwaka huohuo walifika nao hapa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora. Wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta huyohuyo Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapahapa, maana njia ya mbele ilikuwa na hatari. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, miezi tisa hivi tangu kifo chake. Mwili ukazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874.

Mimi nimefundisha historia miaka mingi, na kila nikiisimulia safari hiyo naona ndiyo hija kubwa kuliko zote zilizowahi kupita katika mji huu, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Ilikwenda kinyume na mwelekeo wenu na waliotembea hawakuwa na kitu cha kupata mwisho wake. Wengi wao majina yao hayajulikani hata kwa wanafunzi wetu. Kama mna desturi ya kuanza hija kwa sala mahali fulani, mimi ningechagua ua wa Kwihara.

Kuna jambo jingine la kuwaambia vijana wenu mkiwa palepale, maana najua watauliza habari za Stanley. Stanley hakuifuata njia mnayotaka kuifuata. Alipofika Juni 1871 njia ya moja kwa moja ya Ujiji ilikuwa imefungwa na mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa na vita na Waarabu wa Tabora kuhusu ushuru na biashara. Stanley akajiunga na upande wa Waarabu, wakapigwa vibaya, na Mirambo akaja kuchoma sehemu ya Tabora Agosti ile. Ndipo Stanley akazunguka kusini kabisa kabla ya kupanda tena kwenda Ujiji. Nyinyi mtapita katikati ya Urambo mkiwa na soda mkononi. Jambo hilo peke yake linatosha kuwafanya mwendo wa siku nne au tano za kwanza muutembee kwa heshima.

Sasa miguu. Kwenda Kwihara pandeni bajaji, na mwelewane na madereva kabla hamjaondoka kama watawasubiri au la. Kurudi, wale wenye magoti mazima warudi kwa miguu, bila mizigo, wamevaa viatu vilevile watakavyovaa Jumapili. Huo ndio mtihani wenu. Kilomita 6 hazimchoshi mtu mwenye afya, ila zinatosha kumwonyesha ni wapi kiatu kinamchuna kisigino na soksi gani inajikunja. Akigundua hilo Ijumaa mchana, ana Jumamosi nzima ya kulitafutia dawa mahali penye maduka na mafundi. Akigundua Jumatatu porini, ni malengelenge mpaka Kaliua. Baba wa goti arudi na bajaji, na mtu mmoja amsindikize asijisikie mzigo.

Hakikisheni mmerudi mjini ifikapo saa tano na nusu, mume wako apate kuoga na kuwahi sala ya Ijumaa. Na hapo ndipo atakapoiona Tabora anayoitafuta, kuliko mahali pengine popote. Nimweleze ukweli mapema asije akakata tamaa: Tabora ya Waarabu haina majumba. Haifanani na Mji Mkongwe wa Unguja wala Bagamoyo. Wafanyabiashara wa Oman na Waswahili waliofika hapa katikati ya karne ya 19 walijenga matembe ya udongo kama wenyeji wao, na udongo usipokarabatiwa hurudi kuwa udongo. Kilichobaki ni watu na miembe. Kuna koo za mjini zenye asili ya Oman, ya mwambao, ya Manyema kule Kongo, zilizochanganyika na Wanyamwezi mpaka kuzitenganisha ni kazi bure. Babake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, aliishi karibu na hapa na kuoa katika ukoo wa mtemi wa Unyanyembe. Baada ya sala, mume wako akae barazani na wazee, aseme ametoka wapi na ndugu zake wa Ujiji ni wa ukoo gani. Sitashangaa akapata shemeji kabla ya kahawa ya pili. Miembe nayo haihitaji kiongozi. Mtaiona kila upande, na mtaendelea kuiona njiani hadi Ujiji. Maembe yenyewe mtayakosa, msimu wake ni mwisho wa mwaka.

Lakini Tabora ya Waarabu ina upande ambao kundi la hija halifai kuuruka. Njia yenu ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Watu walioswagwa kutoka Manyema walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, kisha wakaja huku kwa mguu. Wapo walioishia Tabora wakilima mashamba ya matajiri, wengine wakaendelea mpaka pwani. Mtakuwa mnatembea kuelekea walikotoka. Wamisionari walitumia njia hiyohiyo, wakategemea vibali na ukarimu wa wafanyabiashara walewale, na huku wakikomboa watoto wa utumwa na kuwalea. Kituo chao cha Kipalapala, nje kidogo ya mji, kilianza na watoto wa namna hiyo. Historia yao haina weupe mtupu wala weusi mtupu, na padri atakayewaongoza kwenye tafakari asiisafishe kupita kiasi.

Vilevile msifike na ile picha ya kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia hii alikuwa kwenye minyororo. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa kazi yake. Alijiajiri kwa ujira, akabeba kama kilo 30 za pembe au vitambaa, akashuka pwani msimu wa kiangazi na kurudi kulima. Kijana asiyewahi kwenda pwani alionekana bado hajakomaa. Alikuwa na taratibu zake za mwendo, na kwa kuwa mnatafuta namna ya kutochoka, taratibu hizo ndizo ningeziiba kwanza. Msafara uliondoka alfajiri na kwa kawaida kufikia saa nne au saa tano asubuhi ulikuwa umeshapiga kambi, kwa hiyo jua la mchana liliwakuta kivulini. Siku ya kwanza walitembea kidogo mno, pengine mpaka kijiji cha jirani tu, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua na aliyekuwa bado anaaga amalize kuaga. Mbele alitembea kirangozi, na hapakuwa na ruhusa ya kumpita.

Ijumaa alasiri lala. Nasema kweli, laleni nyote, pamoja na vijana. Mkiamka, saa kumi na moja hivi, tembeeni polepole hadi stesheni ya reli ambayo mliiona usiku mkiwa na usingizi. Ni jengo la Wajerumani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa kufika kwake kazi ya upagazi ikafa, mji uliojengwa na miguu ya watu ukaanza kuishi kwa magurudumu. Nusu saa inatosha. Muulizieni pia ratiba ya treni ya Kigoma, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Jumamosi ni ya soko, na hapa vijana wasipunguziwe muda. Nikiulizwa kivutio kikuu cha Tabora kwa mtu anayekwenda kutembea, nitasema soko kuu, na ni kwa maana ileile iliyoufanya mji huu uwepo. Nunueni matobolwa na michembe. Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa, tofauti yake ni kwamba matobolwa huchemshwa kwanza. Havigandi, havivunjiki, havivundi, na mtu akitafuna vipande vichache na karanga anafika saa tano bila kulalamika njaa. Biskuti mtakazotoka nazo Morogoro zitakuwa unga kabla ya Urambo. Nunueni asali, ila mwonje kwanza na kuuliza ni ya nyuki gani. Ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na bei yake iko juu. Misitu ya miombo inayouzunguka mji huu ndiyo inayoipa asali ya Tabora jina lake, na mtapita mkiiona mizinga juu ya miti. Msiiguse. Ina wenyewe, na nyuki hawajui kwamba nyinyi ni mahujaji.

Palepale sokoni tafuteni fundi viatu. Yule ambaye kiatu kilimchuna jana akikaze, akilainishe, au akinunue kingine cha akiba. Kila mmoja awe na kandambili au makatambuga ya tairi ya kuvaa jioni ili miguu ipumue. Na angalieni nguo zenu. Magharibi ya hapa, hasa mkishaipita Urambo, kuna maeneo yenye ndorobo, na ndorobo hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Jinzi na fulana nyeusi za vijana zibaki ndani ya begi. Kaki na rangi ya udongo ndizo za kuvaa, mikono mirefu. Usiku wa Julai huku una baridi ambayo mtu wa Morogoro haitegemei, kwa hiyo kama hamjabeba mablanketi mepesi, mtumba upo na utawasaidia.

Chakula cha mchana mle mgebuka. Samaki huyu anatoka Ziwa Tanganyika, mnamfuata kwake kwa miguu, hakuna ubaya kukutana naye mapema.

Mchana wa Jumamosi, kama kundi bado lina hamu, chagueni kimoja tu kati ya viwili. Cha kwanza ni Kipalapala niliyoitaja. Ipo Seminari Kuu pale, iliyoanzishwa mwaka 1925, na ipo historia ya uchapaji: fungueni vitabu vya sala vya wazazi wenu, mtakuta vingi vimeandikwa T.M.P. Tabora, yaani Tanganyika Mission Press. Msiende bila taarifa, kwani ni mahali pa masomo. Paroko wenu apige simu au aandike barua wiki kadhaa kabla. Cha pili ni njia ya Mwalimu Nyerere, ambaye kwa Kanisa sasa ni Mtumishi wa Mungu. Alisoma Tabora Boys kuanzia 1937 hadi 1942, kisha baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's, ambayo leo ni Sekondari ya Milambo, kuanzia 1946 hadi 1949. Na Januari 1958 hapahapa Tabora mkutano mkuu wa TANU, baada ya mabishano makali, ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alimchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Pasipo uamuzi ule Uhuru ungeshika njia nyingine. Shule zote mbili mtaziona kwa nje mkipita na bajaji. Mkinilazimisha nichague, kundi lenu liende Kipalapala, kwa sababu Nyerere mtamkuta popote nchini.

Yaliyobaki ni ya kuacha, na nawatajia ili atakayewaambia mmekosa kitu msimsikilize sana. Boma la Wajerumani lipo na lina haiba yake, lakini linatumiwa na jeshi. Msipige picha pale, hata kwa simu, hata kwa mbali, wala msibishane na askari. Ipuli ndiko mtemi Isike alikowakatalia Wajerumani, na Januari 1893 ngome yake ilipovunjwa akajilipua na baruti asikamatwe. Ni kisa kikubwa, lakini kinahitaji mwenyeji wa kukisimulia na nusu siku ambayo hamna. Vita ya 1916, Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba, someni kwenye treni. Wale wanaopenda sarafu wataulizia dhahabu ya Tabora, ile rupia 15 yenye picha ya tembo iliyopigwa hapa mwaka huohuo Wajerumani walipokuwa wamezingirwa. Haiuzwi sokoni, na atakayewauzia mtaani anauza shaba. Na Mirambo msimtafute mjini, yeye ni wa Urambo, mtafika kwake kwa miguu yenu.

Sasa kuhusu Jumapili. Mpango wenu wa kuanza baada ya Misa ya pili ubadilisheni. Misa ya pili ikiisha, mkisalimiana na waamini, mkapiga picha mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, mkapewa baraka na chai, itakuwa saa tano kasoro na jua limeshapanda. Mtaanza kutembea saa ambayo wapagazi walikuwa wanapumzika. Zipo njia mbili. Mnaweza kwenda Misa ya kwanza, mkaanza papo hapo na mkatembea kilomita 7 au 8 tu, kisha mlale kwenye kigango au shule mtakayokuwa mmeiombea ruhusa. Au Jumapili muifanye siku ya Misa na mapumziko, kisha mwondoke Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Ya kwanza ndiyo naipenda, kwa sababu ya ile desturi ya siku fupi ya kwanza. Mtagundua nani amesahau dawa za presha akiwa bado anaweza kurudishwa na bodaboda.

Baada ya hapo kilomita 15 hadi 20 kwa siku zinatosha kabisa. Hadi Urambo ni kama kilomita 90, na Ujiji ni zaidi ya 400, kwa hiyo pigeni hesabu ya wiki nne na siku za kupumzika ndani yake. Kama likizo yako ya mwezi wa saba haifiki hapo, ni heri mtembee hadi Urambo, mpande treni, kisha mshuke Uvinza mmalizie kipande cha mwisho kwa miguu. Msidanganywe na anayesema atatembea 35 kila siku. Huyo muulize kuhusu siku ya nne. Tembeeni upande wa kulia wa barabara mkiyatazama magari yanayokuja. Kati ya Kaliua na Uvinza kuna mapori marefu na vijiji vimeachana, kwa hiyo msipite bila gari la kuwafuata lenye maji na mizigo, na msitembee giza likiingia. Kabla ya kuondoka Tabora mwe na barua ya parokia na ya serikali ya mtaa wenu, nakala nyingi, ili kila kata mtakayolala mtendaji aone ni watu gani na polisi wawe na taarifa. Mahujaji 11 wanaoimba alfajiri ni jambo la furaha kwa aliyearifiwa, na ni jambo la kutisha kwa asiyejua.

Nimalizie na baba wa goti, kwa kuwa swali lako lilimtaja katikati na mimi nadhani ndiye anayeamua safari yenu. Mpeni ukirangozi. Atembee mbele, na wote wafuate mwendo wake, vijana pamoja nao. Kundi linalotembea kwa mwendo wa mtu wa miaka 67 hufika likiwa na watu wote, na yeye hatajiona anaburutwa. Apimwe goti kabla ya kuondoka Morogoro, awe na fimbo nzuri, na mkubaliane naye mapema, mbele ya wenzake na bila aibu, kwamba goti likikataa atapanda treni. Reli inakwenda sambamba na njia yenu kwa sehemu kubwa na ina stesheni Urambo, Kaliua na Uvinza. Hii ndiyo sababu niliwaambia muulizie ratiba Ijumaa jioni, kwani haipiti kila siku na saa zake hubadilika. Mume wako naye awapigie simu ndugu zake wa Ujiji kabla hamjaondoka, waandae kitanda kimoja cha mtu anayeweza kutangulia.